Somo Yangu, Yule wa Mwavuli Alijibiwa Nini?

Somo yangu Mariam,

Jumamosi iliyopita Shenaz, mtoto wa kaka yako, alipanda ngazi zangu hapa Bellevue, Johannesburg, na viatu vyake vya ofisini vya Midrand, akakaa kwenye kile kiti ulichokuwa ukikikataa kwa sababu kinalia. Chai aliishika tu, hakuinywa. Akaniambia kitabu chako cha mwisho kimekamilika isipokuwa sura moja, na wachapishaji wanaisubiri. Ametafuta kwenye kompyuta yako, ametafuta kila alipodhani ungeiweka, hakuna kitu.

"Aunty alikuambia mwisho?" akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Wewe ulikuwa unaambiwa kwanza. Sisi wote tunajua."

Nilimwomba anipe wiki. Alinitazama kama mtu aliyenyimwa ufunguo wa nyumba yake mwenyewe. Lakini somo, ningesemaje palepale? Mwisho ninao. Ninao tangu ile alasiri kwenye sofa lako. Taabu ni kwamba nikimpa Shenaz jibu, nitakuwa nimemjibu na mtu mwingine, na huyo mwingine bado sijui nimwambie nini. Ndiyo maana nakuandikia wewe kwanza.

Nianze mbali kidogo, ili hata anayesoma barua hii bila kukujua ajue nazungumza na nani.

Ulikuja kwangu mara ya kwanza na gauni la kupunguza kiuno. Mama wa Kihindi mwembamba, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Nikakusalimia kwa Kiingereza changu cha sokoni. Wewe ukatazama kanga niliyotandika chini ya cherehani, ukaniuliza kwa Kiswahili kilichonyooka, "Wewe wa wapi?"

Nikashtuka. "Tanga."

"Tanga ipi?"

"Ngamiani."

"Ngamiani barabara ya ngapi?" Uliuliza kama polisi. Nilipokutajia, ukavuta kiti, kilekile kinacholia, ukakaa bila kukaribishwa. Ukaniambia baba yako alikuwa na duka la misumari na rangi si mbali na hapo, na kwamba ulikulia nyuma ya kaunta yake. Kisha ukaniuliza jina. Niliposema Mariamu ulipiga makofi.

"Basi wewe ni somo yangu! Kuanzia leo hunitozi bei ya wageni."

Nilikutoza bei ileile, nawe ulilipa huku unalalamika. Lakini tangu siku hiyo hukuniita jina lingine, wala mimi sikukuita dada wala mama, ingawa ungeweza kunizaa. Kwetu watu wa jina moja huitana hivyo na mambo yanakwisha. Somo humwambia somo wake asichomwambia mtu mwingine, nawe sheria hiyo uliitumia mpaka ikachakaa.

Nilikuuliza siku moja ulijifunza wapi kutunga. Ukasema dukani kwa baba. "Watu hawanunui misumari kimya, somo. Mtu akija kununua komeo, lazima akuambie anamfungia nani." Ulikuwa mtoto wa kike wa kuhesabu misumari, na masikio yako yalikuwa yakihesabu mengine.

Uliolewa hukohuko Tanga na marehemu Kassim, mkaja Johannesburg milango ya nchi hii ilipofunguka, yeye kuandika hesabu za duka la binamu yake pale Fordsburg, wewe kukaa ghorofani bila kumjua mtu. Upweke ndio uliokuandikisha. Ulianza hadithi ya binti na kijana kwa Kiingereza cha shule, ukaituma, ikarudi. Ukatuma nyingine, ikarudi. Uliniambia ile iliyokubaliwa ndiyo ya kwanza ambayo wapenzi wake walikaa mezani wakala pamoja kabla ya kushikana mikono. Basi ukafanya hiyo kuwa amri. Katika vitabu vyako vyote hakuna anayembusu mwenzake kabla hawajala sahani moja. "Mtu ambaye hujamwona anakula," ulisema, "hujui unampenda nani."

Wakakupa jina la kitabuni, la Kiingereza, lenye ua ndani yake. Wakakuwekea majalada yenye wanaume waliofungua vifungo vya shati. Ulikuwa ukiyaficha kwa karatasi ya kaki. "Huyu hata hayumo ndani ya kitabu!" ulilalamika. "Wangu ana kitambi na anauza bima." Kumbe wasomaji walimpenda huyohuyo wa kitambi. Uliniambia wanawake wa mtaani kwenu walikusema kwenye harusi kwamba unaandika vitabu vya aibu, kisha mmojammoja akakufuata jikoni kukuomba nakala, wakaondoka nazo ndani ya mabakuli, chini ya sambusa.

Na Kassim je? Nilikuwa na hamu sana ya kujua, maana alikuwa ameshafariki tulipojuana. Nilidhani aliyeandika mapenzi yote yale lazima mumewe alikuwa akimletea maua. Ulicheka. Ukasema hakuwahi kusoma hata kitabu kimoja. Alikuwa na swali lake tu, akirudi kazini, kabla hajavua viatu: "Wamekwisha oana?" Ukisema bado, alisema, "Maskini," akaenda kuoga.

Nikakuuliza, sasa mapenzi uliyatoa wapi?

Ulifikiri. Ukasema, "Alikuwa akinitolea miiba ya samaki. Hata siku tulizonuniana. Hatusemeshani, lakini mkono wake unakuja kwenye sahani yangu, unachambua, unaondoka."

Niliendelea kushona. Nadhani ni siku pekee niliyoendelea kushona huku nasikiliza kweli.

Kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa namna yako ya kufanya kazi, na mpaka leo sijui kama waandishi wengine hufanya hivyo. Kabla hujaandika sura, uliileta kwangu kama umbeya. Hukusema umebuni hadithi. Ulikaa, ukavua miwani, ukainama. "Somo, umesikia ya yule binti wa Mayfair?" Kisha ukaanza, huku unaitazama mikono yangu. Nikiendelea kushona, sura imekufa. Nikisimamisha cherehani, imepona. Nikisema "He! Halafu?" ulifunga mkoba ukaenda zako kuandika, ukaniacha na roho juu.

Lakini mwanzoni hukuniambia. Nilidhani ni watu wenye miguu.

Unamkumbuka Rashida? Ulinihadithia kwa uchungu jinsi mchumba wake alivyokwenda Durban kwa wiki moja akarudi na mke. Sikulala vizuri. Ijumaa yake nikaenda Fordsburg kununua zipu, nikamkuta binti nyuma ya kaunta, hina mkononi hadi kiwikoni, mwenzake anamwita Rashida. Nikamshika mikono yote miwili. "Pole mwanangu," nikamwambia, "Mungu atakupa aliye bora kuliko huyo. Durban imeharibu wengi."

Binti akageuka rangi. Harusi yake ilikuwa Jumapili, na mchumba wake kweli alikuwa Durban kuchukua nguo. Mama yake akatoka stoo. "Nani kasema? Nani kakutuma?" Simu zikapigwa. Yule kijana akajibu akiwa kwenye foleni ya petroli, hajui lolote, anauliza tu, "Nimefanya nini? Nimefanya nini?" Ikabidi nikupigie wewe. Ulikuja mbio na kandambili. Ukawaeleza kwamba Rashida wako umemtoa hewani, ukavua miwani, ukaivaa, ukaivua. Mama wa binti alikusogelea, akauliza polepole, "Wewe ndiye yule wa vitabu?" Mambo yakageuka. Tulialikwa harusini wote wawili, na wewe ukakalishwa karibu na bibi harusi.

Njiani kurudi nilikuwa nimenuna. "Kwa nini hukuniambia ni uongo?"

"Nikikuambia hii kweli na hii uongo, utanisikiliza kama mwalimu anayesahihisha. Mimi nataka unisikilize kama jirani." Halafu ukasema, "Lakini somo, umeniharibia biashara. Sasa yule mwanamume wa Durban simwamini hata mimi."

Tukakubaliana pale kwenye robot, taa za barabarani zikiwa nyekundu: mimi sitauliza lipi la kweli, ila sitampa mtu yeyote pole kabla ya kukuuliza. Shenaz ananiambia katika kitabu kimoja yumo fundi cherehani anayempa pole bibi harusi mwenye furaha. Ninavyo vitabu vyako vyote kabatini na sijasoma hata kimoja, maana Kiingereza changu kinaishia kwenye bei. Navijua kama umbeya tu. Mara nyingine nakitoa kimoja, nakifungua katikati, najiuliza nimo ukurasa gani, na kama kwa Kiingereza nachekesha vilevile.

Sasa nifike kwenye ile alasiri.

Ilikuwa Julai. Moyo wako ulikuwa umeshachoka, daktari amekukataza ngazi, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuja kwako. Ulikuwa sofani na blanketi, hita miguuni. Hata miwani hukuivua. Uliniuliza tu, "Umesikia ya yule mjane wa Jeppestown?"

"Mjane gani?"

"Mkongo. Anauza vitenge. Kuna mwanamume anampitishia mzigo kutoka stendi, mtu mzima, mpole. Kila akileta mzigo, akiondoka anasahau mwavuli. Mjane anamwekea. Kesho yake anarudi kuuchukua, anapewa maji, anakaa kidogo, anaondoka. Akija tena na mzigo, anausahau tena. Na mwanamke anamlalamikia kwa majirani: huyu baba ana kichwa kibovu, anasahau sana."

Nikaweka kikombe chini. "Mwavuli wa nini Julai?"

"Eti?"

"Johannesburg hii, Julai, mvua inatoka wapi? Hakuna hata wingu! Mtu anatembea na mwavuli wa nini?"

"Ndilo ninalokuuliza."

"Huyo mwanamke ni kipofu? Huyo baba hasahau kitu, bwana! Anaacha sababu ya kurudi!"

Ulijifunika blanketi mpaka kidevuni. "Msamehe. Ni mjane. Anaona kama akifungua macho atakuwa amemfukia marehemu mara ya pili."

"Marehemu ameshafukiwa, Mungu amrehemu, na aliyemfukia ni Mungu, si mwavuli," nikasema. Nilikuwa nimekasirika kweli, kwa ajili ya mtu nisiyemjua. "Mwambie aache ujinga."

"Nimwambie afanye nini?"

"Safari nyingine baba huyo akiufuata, asimpe. Amwambie, mwavuli uache ulipo, mwenyewe ndiyo uingie ukae."

Ulicheka mpaka ukakohoa, mpaka nikakushika mgongo. "Haya," ukasema. "Haya somo. Umesema mwenyewe." Na ukafumba macho, umetulia, kama mtu aliyemaliza kazi ya siku.

Nilipanda teksi kurudi, bado namsema yule mwanamke moyoni. Nikapanda ngazi zangu, nikafungua mlango, nikawasha taa. Na juu ya cherehani, pale ilipokuwa imekaa tangu Jumanne, nikaiona bisibisi ya fundi Idi.

Somo, nilikaa chini bila kuvua koti.

Kwa wasomao: Idi ni mtu wa Dar es Salaam, anatengeneza cherehani kwenye karakana ndogo huko Jeppestown. Yangu nilinunuliwa na marehemu mume wangu, Hamisi, tulipofika mji huu, nayo ni kongwe, inataka kubembelezwa. Idi ndiye anayeijua. Akija kuitazama huongea nayo kuliko anavyoongea na mimi. Na kila akiondoka, anaacha bisibisi, kisha anarudi kuifuata. Nilikuwa nimekulalamikia wewe mara nyingi: fundi mzuri, lakini msahaulifu ajabu, siku moja atasahau kichwa. Wewe ulikuwa ukiitikia tu, "Ah, pole yake."

Nilipanga kuja Jumapili kukugombeza. Nilikuwa hata nimepanga maneno. Nilitaka nikuulize uliona nini ambacho mimi mwenye nyumba sikukiona, tena wewe humjui Idi, hamjawahi kuonana. Ulijua kwa bisibisi tu? Au kuna namna nilivyokuwa nikimlalamikia? Sauti yangu ilikuwaje?

Jumapili haikufika. Shenaz alinipigia Ijumaa alfajiri, na kabla ya adhuhuri ulikuwa umeshazikwa. Idi alikuja msibani, akasimama upande wa wanaume na kofia yake, akaondoka bila kunisemesha. Ile siku hakusahau kitu.

Na mwezi huu ametuma mke wa kaka yake kwangu, kwa heshima, na maneno yaliyo wazi. Nikasema nitajibu. Nimekuwa nikisema nitajibu.

Nikueleze kinachonizuia. Nilidhani ni Hamisi, lakini nimekaa na moyo wangu nikaona si Hamisi peke yake. Nimemlilia vya kutosha, na nadhani angemwuliza Idi habari ya mkanda wa cherehani kabla ya jambo lingine lolote. Kinachonizuia ni wewe. Nikimkubali, ni mimi niliyekubali, au ni wewe umeniandika? Nimekuona ukiwaoza watu wengi, somo. Uliwaoza na wauza bima. Kila kitabu chako kinaishia harusini. Sitaki kuolewa kwa sababu nimekaa vizuri mwishoni mwa sura.

Kwa hiyo nimeamua kumtazama akila. Si ndiyo amri yako? Leo nimemwita fundi aje kula mchana. Nimemwita na Mama Odette, Mrundi wa chumba cha pili, ili walimwengu wapate la kunyamazia. Na asubuhi nimekwenda kununua snuku, yule samaki wa bahari ya huku mwenye miiba kama sindano za cherehani. Usinicheke. Muuzaji aliniuliza nataka yule aliyesafishwa, nikamwambia hapana, nipe na miiba yake yote. Yumo kwenye sufuria ya nazi sasa. Naiacha barua hapa.

*

Nimerudi.

Alikuja na kofia yake. Alinawa, akakaa kwenye kiti kinacholia, kikalia, akakiangalia chini kwa macho ya fundi. Nilipakua sinia moja. Mama Odette alikula kwa bidii na kusimulia habari za Bujumbura. Mimi sikula, nilitazama mikono.

Alianza kwa kuchambua upande wake. Akawa anaeleza kwamba mikanda ya siku hizi si ya ngozi kweli, ni mpira, inanyooka upesi, na huku anaeleza vidole vinafanya kazi, miiba anaipanga ukingoni mwa sinia, imelala sambamba kama pini. Kisha nikaona nyama nyeupe, safi, inasogezwa. Inasogezwa upande wangu. Hakunitazama. Hakunyamaza. Alikuwa bado kwenye mikanda. Nadhani hata yeye hakujua mkono wake umefanya nini.

Nilikula, somo. Hakukuwa na mwiba hata mmoja.

Alipokwenda kunawa, Mama Odette alinigusa kiwiko. "Voilà, umeona," akasema. "Mimi bwana wangu alinitolea miiba? Alinitolea macho."

Kisha fundi akaaga. Akashukuru chakula, akachukua bisibisi yake juu ya cherehani, ilipokuwa tangu kabla hajatuma watu, akaitia mfukoni mbele ya macho yangu, akaifunga na kifungo. Hakuiacha. Nilielewa. Alikuwa ameshauliza kwa mdomo wa watu, na mtu mzima akishauliza haachi tena vitu. Akatoka. Nikasikiliza hatua zake ngazini, zikawa zinapungua.

Unajua niliwaza nini? Sikuwaza mjane wa Jeppestown. Sikuwaza mwavuli, wala Kiingereza, wala wachapishaji wako. Niliwaza kwamba kesho asubuhi nitafika kwenye cherehani na meza itakuwa tupu.

Nikatoka ukumbini, nikainama kwenye reli ya ngazi. "Fundi! Hujasahau kitu?"

Akasimama chini kabisa, karibu na lango, akapapasa mifuko. Koti, suruali, shati. "Sijasahau, Bi Mariamu."

"Basi rudi uiache."

Halafu nikasikia hatua zinapanda.

Shenaz anakuja kesho. Nitamwambia mjane alimwambia yule baba mwavuli uache ulipo, mwenyewe uingie ukae, kama tulivyosema mimi na wewe. Nitamwambia kwa Kiswahili, naye ataandika kwa Kiingereza, maana anasema kusikia anasikia, lakini kusema, eish. Huo ndio mwisho wako, na ni mzuri. Huu wa kwangu simpi. Huu nakupa wewe peke yako, hata kama mikono yangu huioni, kwa sababu najua ungesimama, ungesema "He! Halafu?", na mara hii mimi ndiye ningefunga mkoba.

Ukikutana na Kassim huko, atakuuliza swali lake. Mwambie bado, ila karibu.

Pumzika, somo. Kiti chako kimekazwa, hakilii tena.

Somo yako,
Mariamu wa Ngamiani